Jinsi ya kunyeshea shamba mvua ya kutengeneza ili ujue udongo unakunywa maji kiasi gani

Kila Aprili utasikia mtu wa Nyakach, Kisumu, akilia mvua ni kidogo na mahindi yanajikunja, na wiki hiyo hiyo mto Nyando umejaa maji ya kahawia hadi umemwagika kule Ahero. Hizo habari mbili zinaweza kutoka kwa mvua moja. Mvua ilikuja, shamba likashindwa kuinywa, ikakimbia na udongo wa juu ikaupeleka Ziwa Victoria. Sasa kama unataka kujua shamba fulani linakunywa milimita ngapi kwa saa kabla lianze kutema, huwezi kukaa ukingoja mvua ya Mungu na saa mkononi, juu hiyo inakuja saa inayotaka na kwa nguvu inayotaka. Tengeneza yako, ya kipimo unachokijua, uinyeshe kwa kipande kidogo cha ardhi halafu uhesabu kilichozama na kilichokimbia.

Wengi wamefundishwa ile njia ya pete ya chuma, unaigonga ardhini, unajaza maji, unaangalia yanashuka kwa kasi gani. Ina kazi zake lakini kwa shamba la kulimwa inadanganya, na inadanganya upande mmoja tu, ule wa kukupa matumaini. Ndani ya pete maji yametulia, hakuna kinachopiga udongo. Mvua inapiga. Tone la upana wa milimita 3 linafika chini na mwendo wa karibu mita 8 kwa sekunde, linapasua bonge la udongo, chembe laini zinaruka zinaziba vitundu vya juu, na baada ya dakika kadhaa unapata gamba jembamba, milimita moja mbili hivi, na hilo gamba ndilo linaamua maji yataingia ama yataenda. Norman Hudson, mtaalamu wa mmomonyoko wa udongo, alilionyesha vizuri sana kule Zimbabwe kuanzia miaka ya 1950, enzi hizo ikiitwa Rhodesia ya Kusini: ploti mbili zisizo na mmea wowote, moja akaitandikia wavu wa mbu kwa juu bila kugusa ardhi. Mvua ni ile ile, ardhi ni ile ile, lakini udongo uliopotea kwenye ploti ya wazi ulikuwa karibu mara 100 ya ule uliopotea chini ya wavu. Kwa hivyo kifaa chochote cha kupima maji shambani kisichokuwa na matone kinakuachia nje jambo kubwa kuliko yote.

Basi tuanze na kifaa. Kuna vile vikubwa vya kutumia pampu na nozo, yaani mdomo wa kunyunyizia, Marekani wanapenda sana nozo ya VeeJet 80100 ikiwa juu karibu mita 3 inapigapiga kushoto na kulia, na ukiwa na pesa na tanki la maji hiyo ni nzuri juu presha inayapa matone mwendo tangu yanapotoka. Lakini nozo inamwaga maji mengi nje ya ploti, inataka mafuta ya pampu, na kuibeba hadi mlimani Nyabondo ni kazi ya watu wengi. Mimi nitakuelekeza ile ya trei na sindano, inabebwa na watu wawili, na trei ikishajazwa jerikeni moja ya lita 20 inatosha nusu saa nzima na maji yanabaki.

Tafuta plastiki ngumu ya kuona ndani, ile wanayotengenezea mabango ya maduka, ya unene wa milimita 5 ama 6, ikatwe sentimita 60 kwa 60. Gundisha kuta za sentimita 10 pande zote kwa epoksi. Chora mistari kila sentimita 5 kwa urefu na kwa upana, uanzie sentimita 2 na nusu kutoka ukingoni, inapokatana utapata matundu 144, toboa kwa drili ya kitundu kinachoshika kitako cha sindano kikaze. Sindano ni zile za geji 21, zenye kitako cha kijani, nunua pakiti mpya mbili kwa duka la dawa na usiguse kabisa zilizotumika. Kabla ya kuziweka kata ncha kwa tupa, taratibu, hadi iwe bapa, kwanza kwa sababu utakuwa unainama chini yake siku nzima na pili kwa sababu ncha iliyokatwa mshazari inatoa matone yasiyolingana. Hakikisha tundu halijaziba na vumbi la chuma, pulizia. Chomeka kitako kwenye tundu, zungushia epoksi, acha ikauke usiku kucha.

Trei inakaa juu ya fremu ya miguu minne, mita 2 kutoka ardhini. Fundi wa kuchomelea yeyote wa jua kali Kisumu ama Nakuru atakutengenezea kwa paipu, mwambie kila mguu uwe na paipu ya pili ndani yake na nati ya kukazia ili uweze kurefusha mguu wa chini ya mteremko, bila hiyo trei haitalala sawa na sindano za upande wa chini zitamwaga zaidi. Weka pima maji ya fundi wa nyumba juu ya trei, pande zote mbili, kila unapohama. Sentimita 20 chini ya sindano funga wavu wa chuma wenye macho ya milimita 3 hivi, huo unapasua matone yawe makubwa kwa madogo na unayatawanya, la sivyo kila sindano itachimba shimo lake moja na hiyo si mvua.

Maji kwenye trei lazima yakae kimo kimoja muda wote, yakipanda mvua inaongezeka, yakishuka inapungua. Jerikeni ifungwe kwenye fremu, isiegemee trei hata kidogo juu ni nzito, mdomo uangalie chini na uingie kwenye maji ya trei. Ni kama kile chombo cha kunyweshea vifaranga, maji hayatoki hadi kimo kishuke chini ya mdomo hewa iingie, halafu yanajisimamisha yenyewe. Ukipandisha ama kushusha jerikeni ndio unabadilisha ukali wa mvua. Anza na kina cha sentimita 5 kisha upime, usiamini kina peke yake.

Maji gani? Hapa naomba watu wasikie. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa kwa mabati, yachuje kwa kitambaa safi. Maji ya mto yana tope litaziba sindano, hilo ni dogo. Kubwa ni chumvi. Maji ya visima virefu sehemu nyingi za Nakuru yana sodiamu nyingi, na sodiamu inafanya udongo wa mfinyanzi kusambaratika, kwa hivyo utaona maji yanakataa kuzama ukadhani ni kosa la shamba. Maji mengine yana kalsiamu nyingi, hayo yanashikanisha chembe na kukupa majibu matamu kupita ukweli. Mvua haina chumvi ya maana, basi mvua ya kutengeneza pia isiwe nayo.

Kupima mvua yenyewe

Kabla ya kwenda shambani lazima ujue mvua yako. Hesabu ni hii na ukiishika haitakusumbua: lita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni milimita 1 ya mvua. Ploti yetu ni sentimita 50 kwa 50, yaani robo ya mita ya mraba, kwa hivyo milimita 1 ni mililita 250. Trei ni kubwa kuliko ploti makusudi, ili pembeni mwa ploti pia panyeshewe sawa na katikati. Weka sinia ya mabati ya 50 kwa 50 pale ploti itakapokuwa, kinga dakika 5, pima kwa jagi la mililita. Ukipata 1,250 mvua yako ni milimita 60 kwa saa, yaani milimita 1 kwa dakika. Hiyo ni mvua kali ya jioni, ile ya radi, na ndiyo napendelea watu waanze nayo juu ndiyo inayochimba makorongo. Usiende kutafuta jumla ya mvua ya mwaka, Kakamega inakaribia milimita 2,000 na Nakuru miaka mingi haifiki 1,000 lakini hakuna hata moja ya hizo namba inayokuambia shamba litatema ama halitatema, kinachotema ni ukali wa ile nusu saa.

Kisha usawa. Panga mikebe 16 inayofanana ndani ya ile 50 kwa 50, nyeshea dakika 10, pima kila mmoja. Tafuta wastani, tafuta kila mkebe umetofautiana na wastani kwa kiasi gani bila kujali juu ama chini, fanya wastani wa hizo tofauti. Mfano wastani wa mikebe ni mililita 40 na wastani wa tofauti ni 6, hiyo 6 ni asilimia 15 ya 40, kwa hivyo usawa wako ni asilimia 85. Njia hii ni ya Christiansen, mhandisi wa umwagiliaji, aliitoa 1942 kwa ajili ya vinyunyizio vya mashamba. Ukiwa 80 kwenda juu endelea, ukiwa chini tafuta sindano zilizoziba ama trei iliyolala upande.

Halafu kuna kitu lazima ukiandike kwenye daftari la kazi wazi wazi. Tone likianguka mita 2 tu linafika chini na mwendo wa mita 5 kwa sekunde hivi, si 8, kwa hivyo nguvu yake ya kupiga ni chini ya nusu ya tone la mvua ya kweli la ukubwa ule ule. Maana yake gamba utakalopata ni hafifu kuliko la mvua ya kweli na shamba litaonekana linakunywa vizuri kuliko linavyokunywa Aprili. Kwa kulinganisha ploti na ploti haina shida, zote zimepigwa sawa. Kwa kumwambia mtu shamba lako linakunywa milimita fulani, mwambie na hilo pia.

Shambani

Ongea na mwenye shamba kwanza, mwonyeshe kifaa, mweleze mtachimba kidogo mwishoni, na mwambie akae muangalie pamoja. Mzee aliyelima hapo miaka mingi anajua kona ambayo maji husimama na kona ambayo jembe hugonga mwamba, na hizo ndizo sehemu unataka.

Anza mapema asubuhi. Ukiwa upande wa Kisumu upepo wa ziwa ukishaanza mchana matone yote yanaenda kwa jirani. Hata asubuhi zungushia turubai pande tatu.

Fremu ya ploti ni mabati mazito, pande tatu za kimo cha sentimita 20, zigonge ziingie sentimita 8 ama 10. Lowesha mstari wa kugongea kwanza kwa maji kidogo, udongo mkavu ukigongwa unapasuka na maji yatapotelea kwenye hiyo nyufa. Gonga kwa nyundo juu ya kipande cha mbao, kidogo kidogo ukizunguka, usimalize upande mmoja kwanza. Upande wa nne, wa chini ya mteremko, ndio una mdomo wa bati unaolala sawa kabisa na uso wa udongo na kupeleka maji kwa mfereji. Huo mdomo ndio mahali majaribio mengi yanaharibikia: ukiwa juu kwa nusu sentimita maji yanasimama nyuma yake, ukiwa chini unachimbua udongo wenyewe. Ziba mwanya kwa udongo wa mfinyanzi uliolowa, sawazisha kwa kidole. Funika mfereji kwa bati lingine ili mvua isiingie moja kwa moja ukaihesabu kama maji yaliyokimbia. Chimba shimo dogo mbele uingize chombo cha kukinga. Halafu mwagia nje ya fremu, kama sentimita 30 kuzunguka, juu pakiwa pakavu maji ya ndani yatavutwa pembeni chini ya bati.

Chukua udongo kidogo pembeni kwa kupima unyevu kabla ya mvua, pima uzito, kausha kwa oveni nyuzi 105 saa 24, pima tena. Ukiwa karibu na chuo kikuu cha Egerton ama cha Maseno omba maabara wakukaushie. Usiruke hii hatua, udongo mkavu na udongo uliolowa jana ni mashamba mawili tofauti. Ndiyo maana inafaa unyeshee mara mbili, leo kukiwa kukavu na kesho yake saa ile ile.

Funika ploti kwa plastiki, acha sindano zote zianze kutoa vizuri, kisha vuta plastiki na ubonyeze saa ya simu kwa wakati mmoja. Andika dakika ambayo maji yanaanza kung'aa juu ya udongo, yaani yamesimama. Andika dakika ambayo tone la kwanza linatoka kwa mfereji. Kuanzia hapo kinga kila dakika 2, ikishatulia kila dakika 5, hadi vipimo vitatu mfululizo vikaribiane. Mara nyingi ni kati ya nusu saa na saa moja. Inama uangalie udongo wenyewe wakati huo. Utaona mabonge yenye ncha yanayeyuka yanakuwa mviringo, kisha uso unakuwa laini unang'aa, chembe za mchanga zilizooshwa zinabaki juu nyeupe, na hapo hapo ndipo maji ya mfereji yanaongezeka.

Hesabu: sema kwenye dakika 5 umekinga mililita 800. Gawa kwa 250, ni milimita 3.2. Saa moja ina dakika 5 mara 12, kwa hivyo maji yanakimbia kwa kasi ya milimita 38.4 kwa saa. Mvua ni 60. Udongo unakunywa 21.6. Fanya hivyo kwa kila kipimo uchore mstari, utaanza juu ushuke ushuke utulie, na pale ulipotulia ndio kasi ya kudumu ya huo udongo.

Maji yaliyokimbia usimwage. Koroga sana, chota lita moja, acha itulie, ikiwa ni udongo mweusi wa tambarare ya Kano, Kisumu, utakaa siku nzima bado ni chai, weka shabu kidogo sana itashuka. Mwaga maji ya juu, kausha, pima. Gramu 10 kwa lita zinaonekana kidogo lakini milimita 1 ya maji kwenye hekta ni lita 10,000, hiyo ni kilo 100 za udongo kwa kila milimita iliyokimbia.

Mvua ya mwisho ikiisha tu, toa fremu na ukate ardhi wima kwa jembe kupitia katikati ya ploti. Mstari wa maji unaonekana kwa macho, weusi juu na ukavu chini, pima kina kwa rula sehemu kadhaa. Hapo ndipo Njoro, kule Nakuru, na Kano vinatofautiana. Ule udongo wa jivu la volkano wa Njoro ni mwepesi, unakunywa sana, lakini kwenye mashamba ya ngano na mahindi yaliyopigwa diski, lile jembe la trekta, kila mwaka kina kile kile unaweza kukuta maji yameshuka vizuri halafu yakasimama ghafla kwa mstari ulionyooka, na chini yake pakavu kabisa. Hilo ni tabaka gumu la diski, na kipimo cha mfereji pekee hakingekuambia, kingekuonyesha tu mstari ulioshuka umechelewa. Udongo mweusi wa Kano ni kinyume. Ukiwa mkavu una nyufa zinazoingia mkono, maji ya dakika za kwanza yanapotea yote na unaweza kuandika kwamba hapa hakuna shida, kumbe ukishavimba nyufa zinafungwa na unakataa karibu kila kitu. Huko siku ya pili ndiyo yenye maana, na ploti ya sentimita 50 ikiangukia kwenye ufa mkubwa ihamishe.

Jaribio ambalo ningetaka kila mtu alifanye ni la ploti tatu kwa mstari mmoja wa kontua, yaani zote kimo kimoja cha mteremko, udongo mmoja, siku moja. Ya kwanza wazi. Ya pili wazi pia lakini na kipande cha wavu wa mbu kimevutwa sentimita 5 juu ya ardhi, hakigusi. Ya tatu imefunikwa mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa hadi huoni udongo zaidi ya hapa na pale. Zote mvua ya 60. Ya wazi na ya wavu zikitofautiana sana, shida ya hilo shamba ni kupigwa, gamba, na dawa yake ni kufunika, haihitaji trekta. Zikifanana, na zote zinatema, shida iko chini, ni tabaka gumu ama mfinyanzi, na kutandaza mabua peke yake hakutatosha. Wakulima wakiona mfereji wa wazi unatoa maji ya matope na wa mabua unatoa matone masafi, maswali wanayouliza ni mazito kuliko ya kwenye mkutano wowote wa baraza, hasa swali la ng'ombe watakula nini kama mabua yanabaki shambani. Hilo swali ni la haki na lijibiwe hapo hapo kwa vipimo: rudia ploti ya tatu na nusu ya mabua, na tena na robo, mjue kiasi cha chini kabisa kinachofanya kazi ili kingine kiende zizini.

Rudia kila aina angalau mara tatu sehemu tofauti, udongo unabadilika hatua kwa hatua. Na usizidishe maji ya ploti ya nusu mita ukasema ndiyo yatatoka kwenye hekta nzima, juu kwenye mteremko mrefu maji yanayokimbia juu yanazama njiani, yanakutana na nyasi, matuta ya fanya juu, njia ya ng'ombe. Ploti ndogo inakuambia uso wa udongo unafanya nini, ya mteremko mzima inataka ploti ndefu na msimu wa mvua ya kweli.

Ukimaliza siku, pitisha maji safi kwenye trei hadi jerikeni iishe, igeuze ikauke sindano zikiangalia juu, ifunge na kitambaa. Sindano iliyokaukia chumvi haizibuki kwa kupuliza, loweka kwa siki usiku mmoja, na ikikataa ing'oe uweke nyingine kabla ya kupima usawa upya.